Kuchuja, kuchekecha, kupepeta, kupembua: lipi linakaa wapi?

Kalamu_Kavu:
Wakuu habari za saa hizi. Natafsiri maelekezo ya mashine ya kusafisha nafaka nimekwama kwenye vitenzi. Ina hatua nne: kwanza feni inapuliza vitu vyepesi, halafu nafaka inapita kwenye nyavu zinazotikisika, halafu kuna kitanda kilichoinama kinatoa mawe, mwisho kamera inaangalia punje mojamoja na yenye rangi mbaya inapigwa upepo inaruka pembeni. Aliyeanza hii kazi kabla yangu kaandika "kuchuja" zote nne, kuchuja kwa feni, kuchuja kwa wavu, kuchuja mawe, kuchuja rangi, mteja anasema haelewi kitu. Nisaidieni.

Bi_Ungo:
Mwanangu, kuchuja ni kwa vya majimaji. Chai, juisi, maziwa, kimiminika kinapita kigumu kinabaki. Nafaka kavu hatuichuji. Hatua ya feni hiyo ni kupepeta, wengine wanasema kupeta, unarusha juu kwenye ungo upepo unabeba makapi punje zinarudi kwa uzito wake. Nyavu ni kuchekecha, hapo hakuna upepo wala uzito, anayeamua ni tundu: kinachoenea kinapita, kisichoenea kinabaki juu ya chekeche. Na hiyo ya kamera ni kuchambua, kama unavyomwaga maharage kwenye sinia unayasogeza kwa kidole, bovu huku zima kule. Kazi ya jicho hiyo, hata kama jicho lenyewe ni la umeme.

mzee_wa_kamusi:
Bi Ungo kamaliza ila karuka ya mawe, na ndo tamu kuliko zote. Andika KUPEMBUA. Watu wengi wanalijua kwenye "upembuzi yakinifu" tu wanadhani ni neno la wataalamu wa miradi, kumbe ni la ungo hilohilo. Ukipembua hurushi juu, unauinamisha ungo kidogo unautikisatikisa mpaka vinaachana vyenyewe, chenga upande wake na punje nzima upande wake. Sasa angalia hicho kitanda: upepo unatokea chini unainua nafaka kidogo inakuwa kama inaelea, jiwe kwa uzito wake linabaki limegusa kitanda, basi mtikisiko unalisukuma kupanda juu huku nafaka inateremka. Ni kupembua kabisa, tofauti mikono haipo.

Fundi_Chujio:
Napinga kidogo hapo kwa Bi Ungo. Kwenye injini kuna chujio la hewa, mbona hewa sio majimaji?

Bi_Ungo:
Hewa si inatiririka nayo? Kinachotiririka kinapita, uchafu unanasa, ndo kuchuja huko. Figo nazo zinachuja, maji yanayochujwa toka kwenye damu ni kama lita 180 kwa siku na karibu yote yanarudi mwilini, mkojo unatoka lita moja mpaka mbili hivi. Nafaka hata ikimwagika kama maji bado ni punje.

Fundi_Chujio:
Haya mama nimekubali. Ila mtaani hilo neno limeshatoroka jikoni, wagombea wanapigwa mchujo, shati likifuliwa rangi inachuja, msanii akiisha makali watu wanasema kachuja. Huyo wa mwisho sijui kabaki nini juu ya chujio 😂

mzee_wa_kamusi:
😂 Wakati kupeta kwenyewe kumegeuka sifa, mtu mambo yakimnyookea "anapeta". Na tusiisahau kuengua, kuondoa povu au malai juu ya chungu kwa upawa. Haiko kwenye mashine yako lakini wengi wanaita kuchuja na sio.

Kalamu_Kavu:
Asanteni sana, nimeshabadilisha zote: kupepeta, kuchekecha, kupembua, kuchambua. Swali dogo, kila hatua ina mfuko wa kinachotoka, naandika "uchafu" yote au?

Bi_Ungo:
Uchafu wa nini tena. Wa feni andika makapi. Wa nyavu inategemea, tundu dogo linaangusha chenga na vumbi, tundu kubwa linazuia vijiti na mabua. Wa tatu mawe. Wa mwisho andika punje mbovu. Na usije ukaandika pumba popote hapo, pumba ni baada ya kukoboa na mashine yako haikoboi.