Kanda 43 za marehemu baba: nataka mama azisikilize sebuleni bila kununua bando

MshonajiNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Naeleza kwa kirefu kidogo ili mwenye ujuzi anishauri akijua hali halisi.

Marehemu baba ameacha kanda 43, nyingi za dakika 60, chache za 90. Nyingine alinasa taarabu redioni, nyingine alibeba redio kaseti yake hadi kwenye harusi za hapa Tanga, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kila kasha ameliandika kwa wino wa buluu: nani kaimba, harusi ya nani, mwezi gani. Ipo na video ya harusi ya dada, DVD 3.

Naishi na mama Ngamiani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, rimoti ya TV inamshinda. Nina ruta ya laini ya simu, TV janja ya inchi 32, sabufa, na laptopu ya zamani, Core i3 kizazi cha nne, RAM GB 4. Nataka laptopu ikae juu ya kabati itunze kila kitu. Mama asikilize sebuleni, mimi kwenye simu nikiwa uani kwenye cherehani, na dada aliyeko Muscat naye asikie.

Je, bando litaliwa? Umeme ukikatika usiku itakuwaje? Halafu nimejaribu kanda moja: nimetoa waya tundu la hedifoni la redio nikachomeka la maiki kwenye laptopu. Sauti imekwaruza, haina kushoto wala kulia. Kanda hizi sitaki kuzichezesha mara tatu tatu kwa kubahatisha.

WayaMwekundu

Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Naanza na la mwisho maana ndilo litakaloharibu kazi yote.

Achana na tundu la maiki. Linakuza sauti kupita kiasi, na kwenye laptopu nyingi linapokea chaneli moja tu. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB, yenye tundu lililoandikwa LINE IN. Rekodi kwa programu ya Audacity, ni ya bure. Weka Hz 44,100, biti 16. Kanda ya dakika 60 itakula MB 600 na ushee; ukiihifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti lililobanwa, inapungua karibu nusu na hupotezi chochote kwenye sauti. Kanda zako zote zitaenea kwenye GB 32.

Kabla ya kanda yoyote, safisha kichwa cha redio kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti. Na kwa unyevu wa pwani, tazama utepe kupitia kidirisha cha kanda: ukiona unga mweupe pembeni, huo ni ukungu, usiichezeshe. Itachafua kichwa, na kichwa kitachafua zinazofuata. Iweke pembeni kwanza.

Bando haliliwi. Muziki unatoka kwenye laptopu, unapita kwenye ruta, unafika kwenye simu yako. Hautoki nje ya nyumba. Hata laini ikiwa haina MB moja, waifai ikiwaka tu utasikiliza. Bando utalihitaji siku ya kupakua programu. Mimi natumia Jellyfin, inayorusha muziki na video za kwenye laptopu hadi kwenye simu na TV, ni bure na haikudai akaunti ya kampuni yoyote. Kwenye simu unaandika namba ya laptopu, mfano 192.168.1.50:8096. Ingia kwenye ruta uifunge namba hiyo kwa laptopu, la sivyo ruta ikizimika na kuwaka inaweza kuibadilisha, simu isiione tena.

BintiKibokoni

Kaka, hapo kwenye umeme laptopu ya zamani ni bora kuliko kompyuta ya mezani. Betri ikishika hata nusu saa, inatosha kuizima kwa utaratibu. Nasema kwa uchungu: diski yangu ya nje ilikatikiwa umeme katikati ya kunakili, picha za miaka minne sikuzipata tena. Weka nakala ya pili kwenye diski nyingine isiyochomekwa muda wote. Kuhusu gharama, laptopu iliyofungwa skrini ikila wati 15 usiku na mchana, ni kama uniti 11 kwa mwezi.

Uani tumia waifai ya GHz 2.4. Ya 5 ina kasi, lakini haipenyi kuta vizuri. Sisi Mji wa Kale, kwenye kuta zetu za mawe, tunalijua hilo vizuri.

DVD zipitishe kwenye programu ya HandBrake uzitoe kwa H.264, aina ya video ambayo TV nyingi zinaisoma, uwashe na kichujio cha kuondoa mistari, maana video za zamani mtu akisogeza mkono huwa na michano. TV itazicheza moja kwa moja bila kuisumbua laptopu yako.

Muscat ni habari nyingine, huko bando linaliwa. Laini za simu mara nyingi haziruhusu mtu wa nje kukufikia, kwa hiyo weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyenu kwa siri kupitia intaneti, kwenye laptopu na kwenye simu ya dada. MP3 ya kbps 128 ni kama MB 58 kwa saa.

Ukimaliza kurekodi, kata kila upande uwe nyimbo moja moja, ujaze jina la mwimbaji na la albamu. Usisahau sehemu ya msanii wa albamu, ukiiacha wazi kanda moja itatawanyika kama albamu kumi.

MzeeWaMawimbi

Mwanangu, kwa mama yako usimpe programu. Tazama sabufa, ina tundu la flashi. Geuza nakala ziwe MP3, zitie kwenye flashi, kitufe kimoja basi. Jellyfin iwe yako na dada yako.

MshonajiNgamiani

Nawashukuru sana. Nimechukua wiki mbili kurudi kwa sababu nimesharekodi 19.

Dada Kibokoni, kukata nyimbo nimeshindwa. Kati ya wimbo na wimbo baba anaongea. Anataja harusi ni ya nani, anamwambia mtu asogeze taa, mara moja anakohoa na mama anamwambia akanywe maji. Kwa hiyo kila upande ni faili moja zima, jina ni lile lile aliloandika kwenye kasha. Kanda 3 zina ukungu, zimelala ndani ya mfuko na mchele mkavu, sijazigusa.

BintiKibokoni

Basi usikate kabisa kaka. Kwenye Audacity unaweza kuweka alama pale wimbo unapoanza na faili likabaki zima.

MshonajiNgamiani

Sawa dada, nitaweka alama.

Flashi ya mama nimeifunga uzi mwekundu aitambue kwa vidole. Jana baada ya alasiri nilikuwa uani, nikasikia ameiwasha mwenyewe. Ilipofika pale pa kikohozi aliirudisha nyuma. Mzee wangu, kile kitufe cha kurudisha kwenye sabufa kinarukia mwanzo wa faili, ikabidi angoje dakika 20 pafike tena. Kuna namna ya kumrudisha nyuma kidogo tu?

MzeeWaMawimbi

Jaribu kukishikilia, usikibonyeze na kuachia. Kwenye sabufa nyingi kinarudi polepole.