Naomba ushauri: ramani ya simu na mipaka ya mashamba, Montana

Habari zenu ndugu. Niko Missoula, Montana, msimu wangu wa pili kuwinda kulungu. Natumia ramani ya simu: njano ni ardhi ya umma ya BLM (idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi), kijani msitu wa taifa, buluu ya jimbo, nyeupe ya watu binafsi.

Jumamosi, bondeni kwenye misonobari, kidoti kinachoonyesha nilipo kwenye ramani kiliruka kutoka njano hadi nyeupe nikiwa nimesimama palepale. Uzio siuoni. Nikarudi garini mikono mitupu, maana huku huwindi kwenye shamba la mtu bila ruhusa yake, hata pasipo kibao, na sitaki kabisa kumkosea mtu.

Mlio wazoefu, mnaacha mita ngapi kutoka mpakani? Na viraka viwili vya njano vikigusana pembe tu, na nyeupe iko pande zote mbili za pembe hiyo, mnazungukaje?