Mstari wa Mello-Roos kwenye bili yangu: nikigoma kuulipa?

Mgeni_Riverside: Wakuu, nimenunua nyumba mpya kaunti ya Riverside, California. Ile kodi ya nyumba ya 1% ya thamani naielewa. Chini yake kuna mstari wa "CFD", yaani kodi maalumu ya eneo iitwayo Mello-Roos, dola 2,900 kwa mwaka. Nimechimba kwa msajili wa kaunti, nimekuta notisi kwamba kiwanja kina dai tangu nyumba haijajengwa. Mimi sijakopa kwa mtu! Nikiuacha mstari huo tu, nini kitatokea?

Bi_Hati: Pole, mdogo wangu. Nilifanya kazi ya kukagua hatimiliki miaka 11. Wachache sana huenda kwa msajili wenyewe, hongera. Aliyekopa ni kiwanja.

Proposition 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi wa California mwaka 1978, ilibana kodi ya thamani kwenye 1%, mitaa mipya ikakosa pesa za barabara na mabomba. Mwaka 1982 ikaja sheria ya Mello-Roos: eneo linachorwa kwenye ramani, hatifungani zinauzwa, viwanja vinalipa. Sharti ni theluthi mbili ya kura. Sasa sikia utamu: wapiga kura wanaoishi humo wasipofika 12, wanapiga wenye ardhi, kwa hesabu ya ekari. Mwenye ardhi kabla yako alikuwa nani? Mjenzi! Kajipigia kura, kashinda, notisi ikasajiliwa, akakuuzia.

Tangu hapo, kodi ya kila mwaka hung'ang'ania kiwanja mpaka ilipwe, hata kiuzwe mara kumi. Tena inautangulia mkopo wa benki, kwa hiyo usishangae benki ikilipa yenyewe kisha ikakudai wewe.

Ukigoma, awamu ya kwanza inakula faini ya 10% baada ya Desemba 10. Kwa kodi ya kawaida ya nyumba kaunti husubiri miaka 5 ndipo iuze. Eneo la CFD lenye hatifungani kwa kawaida limeshawaahidi wakopeshaji wake kwamba litakwenda mahakamani mapema zaidi.

Fundi_Mabomba: Mbona mimi nilimaliza langu kwa mkupuo, dai likafutwa?

Bi_Hati: Lako lilikuwa tozo la mfereji, siyo? Hizo za sheria za 1913 na 1915, kila kiwanja hupewa fungu lake kamili la deni. Mello-Roos ni kodi. Kuimaliza mapema kunategemea masharti ya eneo. Mgeni, uliza kwanza. Na muuzaji alipaswa kukupa notisi ya kodi hiyo uisaini.

Mgeni_Riverside: Nimepekua bahasha ya mjenzi. Ipo, katikati ya karatasi za dhamana ya jiko. Sahihi ni yangu.