Naomba ushauri: hitilafu P0411 ya gari langu inarudi kila nikiifuta

Wadau, habari za asubuhi. Niko Kasarani. Taa ya injini imekataa kuzimika, na mashine ya kupimia gari inasoma P0411, yaani hewa inayosukumwa kwenye ekzosi injini ikiwa baridi haifiki inavyotakiwa. Fundi anasisitiza ninunue pampu nyingine ya kusukuma hewa hiyo, kule Grogan kwenye maduka ya vipuri. Lakini pampu naisikia ikinguruma nikiwasha asubuhi, kisha inanyamaza, kwa hiyo sidhani ni fyuzi wala rilei. Nimefungua paipu yake nikakuta masizi na matone ya maji. Hilo ndilo linanitia wasiwasi: vali inayozuia moshi usirudi kwenye pampu ikikwama wazi, moshi wenye unyevu hurudi nyuma na kuua hata pampu mpya. Je, nianze na vali, au nipime kwanza kipaipu cha vakyumu (mvuto wa hewa) kinachoifungua? Naombeni aliyewahi kulitatua anielekeze, hela niliyo nayo inatosha kifaa kimoja tu.