Mkojo umeanza kuvuja tena baada ya upasuaji: nifanyiwe wa pili?

Swali
Madaktari na dada zangu mlio humu, miaka sita iliyopita niliwekewa utepe wa plastiki chini ya njia ya mkojo, kwa kuwa kila nilipokohoa au kuinua ndoo mkojo ulinitoka. Nilikaa salama miaka minne, nikaswali bila hofu ya udhu kutenguka. Sasa hali imerudi, na daktari amependekeza kunitengenezea mkanda kwa utando wa tumbo langu mwenyewe. Je, si afadhali utepe mwingine?

Jibu la kwanza
Pole sana, mama. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na ninakusihi usikubali kupasuliwa kabla sababu haijajulikana. Daktari wako apime mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, aangalie kwa kamera kama utepe umetoboa kibofu au njia ya mkojo, na akupime mgandamizo wa kibofu, kwani kibofu kinachojikaza chenyewe hutibiwa kwa dawa na mazoezi, wala mkanda hauwezi kukituliza.

Ikithibitika kwamba njia ya mkojo ndiyo iliyolegea, pendekezo la daktari wako lina msingi. Utepe wa pili huwekwa, lakini kwa kawaida haufanikiwi kama wa kwanza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliohusisha wanawake 655 ulilinganisha mkanda wa utando na upasuaji wa Burch, ambao huinua shingo ya kibofu kwa nyuzi: baada ya miaka miwili kuvuja kwa kukohoa kulikuwa kumedhibitiwa kwa asilimia 66 ya waliowekewa mkanda, dhidi ya asilimia 49 ya waliofanyiwa Burch, ingawa wengi wao walikuwa hawajawahi kupasuliwa kwa tatizo hilo. Waliowekewa mkanda walisumbuliwa zaidi na maambukizi ya mkojo na ugumu wa kukojoa.

Jibu la pili
Dada, mimi nilifanyiwa huo wa utando, baada ya fistula yangu kuzibwa na mkojo bado kunitoka nikicheka. Kidonda cha tumbo kiliniuma kuliko nilivyotarajia, na kwa wiki tano nilijitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba. Omba ufundishwe jambo hilo kabla ya siku ya upasuaji, maana kujifunza ukiwa na maumivu ni kazi ngumu.

Muulizaji
Ahsanteni. Kipimo cha mgandamizo sikuwahi kufanyiwa. Nitaanza na hicho.