Vyuo vinafunguliwa Juni 1, mimi silali. Niahirishe mwaka?

Mwana Makambako (24 Mei 2020)
Wakuu, habari za Jumapili. Nasoma uhandisi mwaka wa pili, Dar. Tangu vyuo vifungwe Machi kwa ajili ya korona niko kwa bibi. Mwezi wa kwanza nilijikaza nikasoma. Siku hizi saa nane usiku moyo unaenda mbio, jasho, vidole vinakufa ganzi. Bibi akikohoa chumba cha pili nasimama mlangoni nasikiliza anavyopumua hadi kunakucha. Niahirishe mwaka au nirudi?

Fundi Bomba
Piga nyungu dogo. Mchaichai, malimao, mwarobaini. Hapa kwangu tunajifukiza asubuhi na jioni, hofu yote imeisha.

Mzee wa Shamba
1990 serikali ilifunga Chuo Kikuu Mlimani tukarudishwa nyumbani. Nililima mahindi ekari mbili kwa jembe la mkono. Nilikuwa nalala kama gogo! Mahindi yenyewe yaliliwa na nyani, ila hiyo ni habari nyingine.

Mama Kliniki
Mwanangu, usiku huo unatumia nini ili ulale?

Mwana Makambako
Chai ya tangawizi tu, mama.

Mama Kliniki
Nakuuliza tena.

Mwana Makambako
Sawa. Bibi ana vidonge vya usingizi alivyoandikiwa hospitali. Aprili nilianza na nusu, sasa nameza viwili. Nimevihesabu jana kwa tochi ya simu, vimebaki tisa. Lakini siyo ulevi, ni dawa ya hospitali, na nikishaahirisha nitaacha. Barua nimeshaandika, bado kuituma.

Binti Sayuni
Kumbe umeshaamua! Ushauri wa nini sasa? Na unamwibia mgonjwa. Tubu kwanza.

Kiroboto
Hii chai, umetunga. Februari kwenye uzi wa vyumba vya kupanga ulisema unasoma sheria. Leo mhandisi?

Fundi Bomba
Duh. Weka picha ya vidonge.

Mwana Makambako
Chumba nilimtafutia binamu yangu, yeye ndiye wa sheria. Picha siweki, pakiti ina jina la bibi.

Kiroboto
Binamu tena. Chai imekolea tangawizi.

Mama Kliniki
Hata ikiwa chai, wapo wanaosoma hapa kimya na wanameza hivyohivyo. Dawa za aina hiyo mwili huzizoea ndiyo maana nusu imekuwa viwili, na ukizikata ghafla unaweza kupata degedege. Kwa hiyo usiongeze, na usiache kwa hasira usiku huu. Mwambie bibi leo. Kesho asubuhi nendeni wote wawili hospitali alikoandikiwa, daktari akupangie namna ya kupunguza. Na huo moyo kwenda mbio umweleze kama ulivyotueleza sisi, unatibika. Barua ikae kwanza, usiamue mwaka mzima ukiwa hujalala.

Binti Sayuni
Mama umenena. Mimi nilikuwa mkali, nisamehe kaka.

Kiroboto
Bado nasubiri maelezo ya binamu.

Mwana Makambako
Nimemwambia. Ameichukua pakiti akavimwaga kitandani akavihesabu mwenyewe. Ni vinne. Mama Kliniki, pale juu sikusema kweli, siyo viwili kwa usiku.