Wanafunzi wa udaktari na insulini wodini, mnawafundishaje?

Wakuu, wanafunzi wangu nadharia ya kisukari wanaijua ila wodini sukari ya damu ikisoma 16 mmol/L wanachoma insulini ya haraka basi, kesho hivyohivyo, ile ya muda mrefu hawaigusi. Nianzie wapi?

Jibu 1: Wape chati ya mgonjwa mmoja waifuate siku 3, lengo kwa wengi ni 7.8 hadi 10, wataona wenyewe kuifukuzia sukari kwa insulini ya haraka tu kunavyoipandisha na kuishusha.

Jibu 2: Na waulize kila mara, amekula? Mwenye kisukari cha aina ya 1 hata akifunga kusubiri upasuaji, insulini ya msingi, yaani ile ya muda mrefu, haikatwi jamani, hilo walishike.

Jibu 3: Ikishuka chini ya 3.9 na anameza, glukosi gramu 15, pima tena baada ya dakika 15. Wafanye kwa mikono yao.